Kuseti zoni za alamu ya wizi: mwongozo kamili kwa fundi, kuanzia waya hadi kipedi

Paneli ya alamu, yaani boksi la bodi linalopokea waya zote, haina macho. Kila jozi ya waya inayoingia kwenye terminali zake, ndiyo zoni, huiletea kitu kimoja tu: kiasi cha ukinzani, kinachopimwa kwa omu. Omu zikiwa sawa, paneli inajua pametulia. Zikibadilika, inapiga kelele. Kazi kubwa ya fundi, basi, ni kuhakikisha zile omu zinasema ukweli usiku na mchana, kwenye mvua za masika na kwenye jua la Februari. Nimefunga na kurekebisha alamu za maduka, nyumba na maghala hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nyingi kati ya zile nilizoitwa kuzitibu hazikuwa na sensa mbovu hata moja. Zilikuwa na zoni zilizounganishwa na kusetiwa ovyo.

Nitatumia jengo moja la mfano: duka la dawa la jumla lenye ukumbi wa mauzo mbele, korido, ofisi ndogo, stoo kubwa nyuma, paa la bati na dari ya jipsamu. Paneli ni DSC PowerSeries PC1832, ambayo bodi yake ina zoni 8. Ukiwa na Paradox, Texecom au nyingine yoyote, namba za vifungu vya programu na thamani za rezista (vipande vidogo vyenye ukinzani maalumu) zitabadilika, lakini mantiki ni ileile. Weka kitabu cha paneli yako pembeni ukisoma.

Tembea kwanza, waya baadaye

Usishike drili kabla hujatembea na mwenye jengo. Muulize nani anafungua asubuhi, anaingia kwa mlango upi, nani anafunga wa mwisho, kama kuna mlinzi au kijana anayelala ndani, na mali ya thamani inakaa wapi. Kisha mwambie aingie kama anavyoingia kila siku, nawe mfuate na saa mkononi.

Kwenye duka letu, mama mwenye duka anafungua grili ya nyuma, anafungua mlango, anapita korido na kufika pale ambapo kipedi, yaani kile kibao cha namba, kitafungwa. Akiwa na mkoba na funguo, bila haraka, ni sekunde 18. Namba hiyo iandike. Mlango wa shata wa mbele hufunguliwa kutoka ndani tu, baada ya alamu kuzimwa. Hilo nalo liandike, kwa sababu maana yake ni hii: shata likiguswa usiku, hakuna sababu yoyote ya kusubiri.

Ukimaliza, chora ramani hata kwa kalamu ya risasi na upe kila sensa zoni yake. Mimi nilipanga hivi:

Zoni 1, sumaku ya mlango wa nyuma.
Zoni 2, sumaku ya shata la mbele.
Zoni 3, sensa ya mwendo ukumbi wa mauzo.
Zoni 4, sensa ya mwendo korido.
Zoni 5, sensa ya mwendo stoo.
Zoni 6, sensa ya pazia (ya mwendo, inayoona ukanda mwembamba kama pazia) chini ya dari ya stoo.
Zoni 7, kitufe cha dharura kwa keshia.
Zoni 8, sensa ya moshi stoo.

Sensa moja, zoni moja. Najua wapo wanaounga milango mitatu kwenye zoni moja ili kuokoa waya. Siku alamu ikilia saa 8 usiku, mwenye duka atasimama nje gizani bila kujua ni mlango upi, na wewe kesho yake utapima yote mitatu. Kama zoni hazitoshi, nunua kadi ya kuongeza zoni.

Sensa na mahali pake

Sumaku za milango zinaonekana kazi ya mtoto, na ndizo zinazosumbua kwenye majengo yetu kwa sababu milango yetu mingi ni ya chuma. Chuma hula nguvu ya sumaku. Sumaku ndogo ya plastiki iliyotengenezwa kwa mlango wa mbao ukiibandika kwenye grili, umbali wake wa kufanya kazi hupungua sana, na upepo ukitikisa grili zoni inafunguka na kufunga. Kwa chuma tumia sumaku nzito ya chuma, na kwa shata tumia ile inayofungwa sakafuni yenye waya uliovikwa bomba la chuma. Shata hucheza kwa upepo hata likifungwa kwa kufuli, kwa hiyo funga sumaku pale linapocheza kidogo zaidi, karibu na reli ya pembeni.

Sensa ya mwendo, ile ya infraredi, inafuatilia joto linalohama kutoka sehemu moja ya macho yake kwenda nyingine. Ndiyo maana inamkamata haraka mtu anayeikatiza kwa upande kuliko anayeijia usoni. Ifunge kwenye kona, kimo cha mita 2.1 hadi 2.4, ili mwizi anayetoka mlangoni alazimike kukatiza mbele yake. Isitazame dirisha linalopigwa na jua, wala feni, wala mdomo wa kiyoyozi, wala pazia linalopepea.

Lipo jambo la nchi zetu za joto ambalo maelekezo ya kwenye boksi mara nyingi hulipita juujuu. Sensa hii inategemea tofauti ya joto kati ya mwili na chumba. Stoo ya bati isiyo na hewa ikifika nyuzi 35 mchana, mwili wa mtu na ukuta vinakaribiana, na sensa inapungukiwa uwezo wa kutofautisha. Chagua yenye fidia ya joto, yaani inayojirekebisha chumba kikipata joto, na ijaribu saa 8 mchana stoo ikiwa imefungwa, usiijaribu asubuhi ya ubaridi ukaridhika. Kwa sababu hiyohiyo usifunge sensa ya mwendo juu ya dari, kati ya jipsamu na bati. Kule kuna tanuri, panya na popo. Kwa wezi wanaoshukia paani, funga sensa ya pazia ndani ya chumba, juu ukutani, itazame sambamba na dari. Yeyote anayeteremka lazima alikate pazia hilo.

Sensa za mtikisiko sizipendi kwenye paa la bati. Mvua ya kwanza tu itakufundisha. Ukutani, pale duka linapopakana na jengo tupu, zina kazi yake.

Rezista

Hapa tutakaa, maana ndipo wengi wanapoanguka.

Sumaku ya mlango na sensa ya mwendo, zote kimsingi ni swichi. Pakitulia swichi imefunga na umeme unapita; pakitokea jambo inafunguka. Terminali zake zimeandikwa C (ya pamoja) na NC (iliyofunga pakitulia). Ukiiunga moja kwa moja kwenye paneli, paneli inajua hali mbili tu: omu 0 ni salama, njia iliyokatika ni tukio. Sasa fikiria mtu aliyeingia mchana kama mteja, akafanikiwa kuuchuna waya na kuzigusanisha nyuzi mbili, yaani kupiga shoti. Ameifumba zoni hiyo macho. Paneli itaendelea kuona omu 0 hata mlango ukiondolewa pamoja na fremu yake.

Rezista moja inaziba tundu hilo. DSC inatumia ya omu 5,600, yenye mistari ya kijani, bluu na nyekundu. Inaunganishwa kwenye msururu na swichi, ndani ya sensa. Paneli inatarajia kuona omu 5,600 na si kitu kingine. Waya ukikatwa au ukipigwa shoti, zoni inahesabiwa kuwa imefunguka. Tatizo linalobaki ni kwamba haiwezi kukuambia kama ni mwizi, waya uliokatwa au kifuniko cha sensa kilichofunguliwa.

Rezista mbili zinasema yote. Kwa duka lenye watu wanaoingia na kutoka mchana kutwa, mimi sikubali pungufu ya hapo. Zinaungwa hivi. Waya wa kwanza wa zoni unaingia kwenye swichi ya kifuniko cha sensa, ambayo mafundi huiita tampa. Ukitoka tampa unapita kwenye rezista ya kwanza ya 5,600, kisha unaingia kwenye C. Kutoka NC, waya wa pili unarudi kwenye paneli. Rezista ya pili, nayo ya 5,600, inawekwa sambamba kati ya C na NC, mguu mmoja kila upande.

Fuata umeme kwa kidole. Pametulia: swichi ya sensa imefunga, umeme unaikwepa rezista ya pili, paneli inasoma 5,600. Mtu akipita: swichi inafunguka, umeme unalazimika kupita rezista zote mbili, paneli inasoma 11,200 na kujua ni tukio. Kifuniko kikifunguliwa au waya ukikatwa: njia imekufa kabisa, hiyo ni tampa, na itaonekana kwenye kipedi hata mchana alamu ikiwa imezimwa. Waya ukipigwa shoti: omu 0, hitilafu. Hali nne kwa waya uleule wa nyuzi mbili, na gharama iliyoongezeka ni rezista moja.

Zingatia sharti la DSC: ukichagua rezista mbili, zoni zote zinafuata mfumo huo, zikiwemo sumaku za milango na kitufe cha dharura. Zoni za moto hubaki na rezista moja. Sensa ya moshi inafanya kazi kinyume cha nyingine: swichi yake iko wazi wakati wa utulivu na inafunga moshi ukiingia. Rezista inawekwa sambamba mwishoni mwa mstari. Paneli ikiona shoti, hiyo ni moto; ikiona njia imekatika, hiyo ni hitilafu ya waya. Kwa hiyo usiifungie sensa ya moshi rezista mbili kwa mazoea ya mkono.

Na sasa kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko jingine lolote. Unafungua boksi la paneli, unakuta rezista zote zimepangwa vizuri kwenye terminali, zinapendeza kama meno. Fundi aliona tabu kupanda ngazi na kuzifunga ndani ya sensa. Hebu pima: rezista ikiwa kwenye paneli, waya ukipigwa shoti popote kati ya paneli na sensa, paneli bado inasoma 5,600 ileile. Rezista imekuwa pambo, mwenye duka amelipia kinga ambayo hana, na hatajua mpaka siku ya siku. Rezista ya mwisho wa mstari inakaa mwisho wa mstari, ndani ya kifuniko cha sensa. Hakuna njia ya mkato.

Usichanganye thamani pia. Paradox nyingi hutumia omu 1,000, za kahawia, nyeusi na nyekundu. Mfuko wa fundi ukiwa na za kampuni mbili bila kutengwa, zoni moja itakataa kutulia na utapoteza nusu siku ukiilaumu sensa.

Waya na umeme

Sensa ya mwendo inahitaji nyuzi 4: mbili za umeme wa volti 12, mbili za zoni. Vuta waya wa nyuzi 6 ili ubaki na akiba. Upitishe mbali na nyaya za umeme mkubwa, walau sentimita 30. Pakilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisiende sambamba. Chagua rangi zako na usizibadilishe jengo zima: nyekundu na nyeusi kwa umeme, njano na kijani kwa zoni, kwa mfano. Kila waya unaoingia kwenye boksi upewe lebo kabla ya kitu kingine.

Kuunga waya juu ya dari kwa kusokota na kufunga utepe wa umeme ni kujitengenezea simu za usiku. Karibu na bahari, chumvi na unyevu hula shaba mpaka inageuka kijani. Kama ni lazima kuunga, lehemu kwa risasi na uvishe mpira unaosinyaa kwa joto.

Piga hesabu ya umeme pia. Tuseme paneli, kipedi na sensa zote kwa pamoja zinakula miliampia 300. Betri ya ampia-saa 7 ukiigawa kwa 0.3 unapata saa 23, lakini betri haikamuliwi mpaka tone la mwisho, kwa hiyo tarajia chini ya hapo, na pungufu zaidi kama betri imezeeka. Joto la pwani huzizeesha haraka. Mimi nazibadilisha kila baada ya miaka 3 bila kusubiri zife.

Pima kabla ya kuunga

Hatua hii inachukua nusu saa na inaokoa wiki. Sensa zote zikiwa zimefungwa, zipe umeme, lakini nyaya za zoni usizifunge bado kwenye paneli. Kuzipa umeme ni lazima: sensa nyingi za mwendo zikikosa umeme swichi yake hufunguka, na utasoma 11,200 ukadhani umekosea kuunga. Zisubiri zitulie kama dakika 2, na watu wote watoke vyumbani.

Chukua multimita, iweke kwenye omu, pima jozi ya kila zoni pale kwenye boksi. Mlango umefungwa, unatakiwa kusoma karibu 5,600. Rezista za kawaida zina ustahimilivu wa asilimia 5, kwa hiyo kati ya 5,320 na 5,880 ni sawa. Waya wenyewe unaongeza omu chache tu kwenye jengo la kawaida. Mwambie msaidizi afungue mlango: 11,200 au karibu yake. Afungue kifuniko cha sensa: multimita ionyeshe njia imekatika. Agusanishe nyuzi mbili kule kwenye sensa: karibu 0. Andika namba zote nne kwa kila zoni kwenye karatasi, isipokuwa ya moshi, yenye rezista moja. Kisha tikisa waya kidogo huku ukiangalia kioo cha multimita. Namba isicheze.

Karatasi hiyo ndiyo rekodi ya afya ya jengo. Mwaka mmoja baadaye zoni 5 ikisoma 6,300 badala ya 5,610, utajua kuna kiungo kinachooza mahali fulani hata kabla alamu haijaanza kusumbua.

Zikikubali zote, zima umeme na betri, funga nyaya za zoni kwenye terminali Z1 hadi Z8 na COM zake, kisha washa tena.

Kwenye kipedi

Ingia kwenye programu ya fundi kwa kubonyeza [*] [8] kisha namba ya siri ya fundi, ambayo kutoka kiwandani ni 5555. Anza na kifungu 013. Hapo kuna swichi za kuwasha na kuzima kwa namba: namba 1 ibaki imezimwa, maana yake zoni zinatumia rezista, namba 2 iwashe, maana yake ni rezista mbili. Ukisahau namba 2, zoni hazitakueleza ukweli ulioufanyia kazi kule juu. Bonyeza [#] kutoka.

Nenda kifungu 001, ambacho ni aina za zoni 1 hadi 8. Kila zoni inapewa tarakimu mbili, na ndipo ile safari ya asubuhi na mama mwenye duka inapolipa.

Aina 01 ni ya kusubiri. Mlango ukifunguliwa, kipedi kinalia polepole na kumpa mtu muda wa kuzima. Apewe mlango wa nyuma peke yake.

Aina 03 ni ya papo hapo. Alamu ikishasetiwa (ikishawashwa ilinde) na muda wa kutoka ukaisha, ikiguswa inalia.

Aina 04 ni ya ndani. Kama mlango wa kusubiri umefunguliwa kwanza, nayo inasubiri. Kama haukufunguliwa, inalia hapohapo. Hii ni ya korido, kwa sababu mama lazima aipite kwenda kwenye kipedi.

Mafundi wengi huzipa sensa zote za mwendo aina 04 kwa sababu ni rahisi. Tazama matokeo yake. Mwizi akivunja mlango wa nyuma, muda wa kusubiri unaanza, na katika sekunde hizo anatembea stoo na ukumbi bila kelele yoyote. Zoni iliyo njiani pekee ndiyo ipewe 04. Stoo, ukumbi na pazia la dari vipewe 03, kwa sababu mama hana sababu ya kupita huko kabla ya kuzima alamu.

Aina 05 ni ya ndani pia, lakini paneli inaiacha kando watu wanapolala ndani. Inafaa nyumbani. Dukani ina mtego: mtu akiseti alamu kwa namba yake kisha akatoka kwa mlango usio wa kusubiri, paneli haioni mtu aliyetoka, inadhani watu wamebaki ndani, na inazilaza sensa zote za 05. Duka linalindwa na sumaku za milango tu usiku kucha, na taa ya kipedi inaonyesha kwamba alamu imesetiwa. Kama hakuna anayelala ndani, usiitumie.

Aina 12 ni kitufe cha uvamizi, kinafanya kazi saa 24. Hiki huwa kimya, ujumbe unakwenda bila king'ora, ili keshia asiuawe kwa sababu ya kelele. Hakikisha mwenyewe kwamba king'ora hakilii. Aina 08 ni moto, saa 24.

Kwa duka letu, basi, unaingiza 01 03 03 04 03 03 12 08. Zoni isiyotumika inapewa 00, na kwenye kifungu 202 unaizima kabisa isije ikasumbua.

Kifungu 005, kisha 01, ni muda. Cha kwanza ni muda wa kuingia kwa sekunde, kwa tarakimu tatu. Mama alitumia sekunde 18, mpe 030. Wapo watakaokuomba 090 ili wasibanwe. Wakatalie kwa upole, waeleze kwamba muda wao ndio muda wa mwizi. Cha pili ni cha aina 02, ya kusubiri ya pili, hatukuitumia. Cha tatu ni muda wa kutoka. Sekunde 60 zinamtosha anayetokea korido. Muda wa king'ora uko 005, kisha 09, kwa dakika.

Kabla ya kutoka, nenda 006 ubadilishe namba ya fundi na 007 ubadilishe namba kuu ya mwenye duka. Namba za kiwandani, 5555 ya fundi na 1234 ya mwenye duka, ziko kwenye intaneti, zinajulikana na kila mtu.

Andika pia majina ya zoni kama kipedi chako kina kioo cha maandishi. MLANGO NYUMA, STOO, DARI STOO. Mtu aliyeamshwa usiku anaelewa jina, haelewi namba.

Tembea kama mwizi

Ndani ya programu ya fundi, kifungu 901 kinawasha jaribio la kutembea. Kila zoni ukiigusa, mfumo unakujibu kwa sauti na kuandika kwenye kumbukumbu. Waambie majirani na walinzi kwanza.

Tembea polepole, kisha kwa haraka, kisha kwa kuinama, kisha kwa kutambaa nyuma ya maboksi. Maboksi ni jambo la kuangalia sana: stoo uliyoijaribu ikiwa tupu si stoo ya mwezi ujao ikiwa imejaa hadi juu. Mwambie mwenye duka wazi ni kona ipi isizibwe. Fungua milango taratibu mpaka zoni inafunguka, pima kwa rula nafasi iliyopatikana. Kama mkono wa mtu unapita kabla sumaku haijaachia, sogeza sumaku. Kitufe cha dharura kibonyeze kweli, ujumbe ufike kweli. Sensa ya moshi ijaribu kwa moshi wa makopo ya majaribio, na kumbuka ile ya nyuzi 4 inahitaji kukatiwa umeme kidogo ili irudi hali yake. Kwenye DSC mteja anafanya hivyo kwa [*] [7] [2] kama terminali ya kutoa umeme (PGM) imeprogramiwa kwa kazi hiyo.

Mwisho zima umeme mkuu, uache mfumo kwenye betri walau saa moja, kisha rudia kila kitu kwa haraka. Pima volti kwenye sensa ya mbali zaidi. Mfumo unaofanya kazi umeme ukiwepo tu haumsaidii mtu, maana usiku wa umeme kukatika ndio usiku wenyewe.

Alamu ikilia bila mtu

Kuna mama mmoja wa duka alinipigia asubuhi, sauti yake imechoka. "Mwanangu, hiki king'ora kinaniaibisha. Jana kimelia mara tatu, majirani wameanza kusema hata nikiibiwa hawatatoka." Nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, usikizime. Nakuja."

Kumbukumbu ya paneli ilionyesha zoni ya stoo, na kila mara ilikuwa baada ya saa 2 usiku. Nilipima waya: 5,590, sawasawa. Nilitikisa: haikucheza. Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha sensa. Ndani, pembeni ya lile jicho dogo, kulikuwa na mayai mawili meupe ya mjusi, na tundu la waya nyuma ya sensa lilikuwa wazi, pana kiasi cha kidole. Mjusi alikuwa anaingia na kutoka kila jioni, akipita sentimita moja mbele ya jicho. Kwa sensa, mjusi wa karibu hivyo ni sawa na mtu aliye mbali. Nilisafisha, nikaziba tundu kwa silikoni, nikaziba na lile la skrubu. Hakikulia tena kwa sababu hiyo. Tangu hapo sifungi kifuniko cha sensa yoyote kabla sijaziba matundu yake, na sisimizi nao wananitosha kama sababu.

Alamu za uongo zifuatilie kwa utaratibu huohuo: kwanza kumbukumbu ya paneli, zoni ipi na saa ngapi. Zikija mvua ikinyesha, tafuta kiungo kilicholowa na omu zinazopanda. Zikija jua likizama au likichomoza, tafuta dirisha. Zikija umeme ukirudi, pima volti na betri. Usikimbilie kupunguza ukali wa sensa. Ukiipunguza mpaka isimwone mjusi wa karibu, huenda haimwoni tena mtu wa mbali.

Kukabidhi

Mfundishe mwenye duka na keshia wote wawili, wafanye wenyewe mbele yako: kuseti, kuzima, kuangalia hitilafu kwa [*] [2], na kuangalia zoni iliyolia kwa [*] [3]. Zoni ikigoma kufunga usiku, waonyeshe kwamba [*] [1] inairuka zoni hiyo kwa usiku mmoja, na waeleze kwamba iliyorukwa hailindi.

Ile karatasi ya vipimo ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, ibandike ndani ya mlango wa boksi la paneli, pamoja na orodha ya zoni, aina zake, rangi za waya na thamani ya rezista. Namba za siri usiziandike hapo. Baada ya wiki mbili rudi bila kuitwa, soma kumbukumbu ya paneli kuanzia siku ya kwanza, uone zoni ipi imelia na saa ngapi.